Waandishi Wanane na Korido ya Mita Ishirini

Jina la Mama Hatua alibandikwa na wagonjwa. Mtu aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, akianza kujifunza kutembea upya kama mtoto, hana burudani nyingi. Kabaki na mdomo, tena nusu mdomo, na huo anautumia kubandika watu majina. Mama huyu walimwona kila siku anahesabu. Anasimama nusu hatua nyuma ya mgonjwa, upande ule dhaifu, mkono mmoja umekamata mkanda wa kiunoni ili mtu asianguke, mkono wa pili umeshika saa, na midomo yake inacheza polepole. Wakamwita Mama Hatua, na jina likaganda hata likaingia kwenye barua za ofisini.

Kwa kazi alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa cheo alikuwa kaimu mkuu wa kitengo. Kaimu kwa miaka sita! Wengine hukaimu miezi mitatu wakathibitishwa, wakakata keki. Yeye alikaimu mpaka sponji ya kiti ikachungulia nje. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa imeandikwa kwenye kanuni: mkuu wa kitengo sharti awe na makala ya utafiti iliyochapishwa kwa jina lake. Moja tu ilitosha. Hakuwa nayo.

Basi Ijumaa moja asubuhi Profesa akamwita. Profesa naye alisomea kazi hiyohiyo ya viungo, ila alikuwa ameacha kushika mgonjwa zamani, akahamia chuoni, ng'ambo ya barabara. Ofisini kwake kulikuwa na zulia, na makala zake zilitundikwa ukutani ndani ya fremu kama picha za harusi.

"Karibu, Mama Hatua, kaa. Leo nina habari ya kukufanya ucheke."

"Nina watu wamesimama kwenye vyuma vya mazoezi wananisubiri, Profesa. Nichekeshe haraka."

Profesa akamsukumia karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja. Ilikuwa makala: wagonjwa wa kiharusi tisini na sita, miaka minne, chumba kimoja cha mazoezi. Chumba chenyewe kilikuwa cha Mama Hatua.

"Jarida limeshaikubali," Profesa akasema. "Sasa tazama hapa." Kidole chake kikaanza juu ya orodha ya waandishi, kikalipita jina la kwanza, lake mwenyewe, kikateremka, kikateremka, kikatua kwenye la saba. "Huyo nani?"

Lilikuwa jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu. Mama Hatua alilitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali asipomtarajia.

Kisha akawatazama majirani wa jina hilo. Waandishi walikuwa wanane. Wa pili alikuwa mhadhiri wa takwimu wa hapo chuoni. Wa tatu alikuwa mganga mkuu wa hospitali, ambaye mara ya mwisho kuonekana kwenye korido ya mazoezi alikuwa amepotea, anatafuta choo. Wanne waliobaki hakuwahi kuwaona sura.

"Hawa wanne ni akina nani?"

"Wenzangu wa vyuo vingine. Nao hunitia kwenye zao."

"Wamefanya nini humu?"

"Mama Hatua, mambo haya yana utaratibu wake."

"Na hesabu mmezipata wapi?"

"Si kwenye madaftari yako? Hukumbuki nilimtuma mtu mwaka jana akayatoe nakala?"

Alikumbuka. Mtu alikuja na karatasi ya ruhusa, akasema ni kwa ajili ya kumbukumbu za chuo, akachukua madaftari kumi na mawili, akayarudisha baada ya siku tatu. Hakuna aliyemwambia kwamba kumbukumbu hizo zitaandikiwa makala.

"Saini fomu hii tu, kwamba unakubali kuwa mwandishi," Profesa akasema. "Ikitoka, kiti ni chako. Nimeshaongea na mganga mkuu."

"Nitaleta Jumatatu. Nataka kuisoma."

"Usome nini tena? Si kazi yako mwenyewe?"

"Jina langu limo humo, Profesa. Acha nijue linasema nini."

Jumamosi, baada ya kufua, aliketi kwenye meza ya kulia na binti wa dada yake. Binti huyo alikuwa mkutubi pale chuoni, anakaa kwake, na mwaka mzima alikuwa akihesabu. Naam, kuhesabu kulikuwa ugonjwa wa ukoo. Kwa ajili ya stashahada yake alipitia jarida la taaluma hiyo ya viungo, matoleo ya miaka kumi, akaandika kila makala imeandikwa na nani, anafanya kazi wapi, ni mwanamke au mwanamume, na ametajwa wa ngapi.

"Una bahati, mama mdogo," alisema, akilitazama lile jina la saba. "Makala ziko mia mbili na kumi na nne. Unajua ngapi zina mwandishi wa kwanza anayefanya kazi wodini, anayeshika mgonjwa kwa mikono yake?"

"Sema nusu."

"Tisa."

"Tisini?"

"Tisa, mama mdogo. Na watatu kati yao walishahamia chuoni makala ilipotoka. Halafu kuna majina matano yamo kwenye makala themanini na tatu. Yanazungukana. Huyu akiandika anamtia yule, yule akiandika anamtia huyu."

"Kama majirani wanaoazimana masufuria."

"Ila sufuria ni la mtu mwingine. Na wanawake, ambao ndio wengi kwenye kazi yenu, ukiwatafuta juu ya orodha unachoka. Teremka chini, utawakuta."

"Mimi je? Nimo mahali popote?"

Binti akafunga daftari lake, akalifungua tena. "Kunywa maji kwanza."

"Sema, mwanangu. Mimi si mgonjwa."

"Mara kumi na moja. Zote mwisho kabisa, baada ya kila kitu, kwa herufi ndogo. Jina hawaweki. Wanataja hospitali yenu, kisha wanasema, 'Tunawashukuru wahudumu wa chumba cha mazoezi kwa ushirikiano wao.'"

"Wahudumu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Chumba hicho kilikuwa na watu wawili tu, yeye na mwenzake wa zamu, mwanamume mpole mwenye mabega mapana, fundi wa kumwinua mtu aliyekata tamaa. Wote wawili walisoma miaka minne, wakafanya mitihani, wakala kiapo. Mama Hatua alihisi masikio yanapata moto. Mara kumi na moja! Mtu anakunywa maji ya kisima chako, halafu anaishukuru ndoo.

"Isome hiyo makala," akasema. "Isome kwa sauti."

Binti akasoma. Ilikuwa na maneno marefu yaliyovaa suti, lakini katikati akafika kwenye sentensi iliyovaa kawaida: baada ya vipindi vinane vya mazoezi, mgonjwa kwa wastani alitembea mita mia tatu na thelathini kwa dakika sita.

"Rudia."

Akarudia.

"Haiwezekani." Mama Hatua alivaa miwani. "Hakuna. Sijawahi. Mtu wa kipindi cha nane hawezi kufika huko, labda nimbebe."

Alikwenda chumbani, akarudi na madaftari mawili aliyokuwa akiyamalizia hesabu za mwezi. Ndani kulikuwa na vijistari vya kalamu, vitano vitano, vimefungwa kama vifurushi vya kuni. Kijistari kimoja kilikuwa safari moja ya korido, kutoka mlango wa mazoezi hadi mwisho. Mgonjwa anakwenda, anageuka, anarudi, mpaka dakika sita ziishe, kisha unazidisha safari kwa urefu wa korido, ndiyo mita zake. Kipimo kinajulikana dunia nzima na hakihitaji chochote ila saa, subira na mtu wa kuhesabu.

"Kipindi cha nane, safari ngapi kwa wastani?" binti akauliza.

"Kumi na moja. Hata usinihesabie, naijua kama umri wangu."

"Kumi na moja mara thelathini ni mia tatu na thelathini. Si ndiyo hiyo?"

"Kwa nini thelathini?"

"Kitabu kinasema korido ya kipimo iwe na mita thelathini."

Mama Hatua akacheka kicheko kisicho na raha hata chembe. Korido ya kitabuni! Korido yao ilikuwa mita thelathini zamani. Miaka sita nyuma, kabla mgonjwa wa kwanza wa makala ile hajafika, utawala ulijenga ukuta mwishoni ukapata stoo ya mafaili, na stoo ikala mita kumi. Yeye alilalamika kwa barua, hakujibiwa, akaamua kuishi na ishirini. Na kwa kuwa ni mtu wa kuandika kila kitu, alifungua kila daftari, na ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu, akaandika: Korido sasa ni mita 20, zidisha kwa 20.

"Aliyetoa nakala hakufunua majalada," binti akasema taratibu.

"Na kati ya wanane hakuna hata mmoja aliyefika kwangu akajigonga kwenye huo ukuta."

Mia mbili na ishirini, basi, si mia tatu na thelathini. Hilo peke yake angeweza kulimeza kwa uchungu. Lakini makala ilikuwa na mkia. Mgonjwa hapo hospitalini aliruhusiwa kuacha mazoezi akifika mita mia tatu, kiasi cha mtu kwenda dukani na kurudi bila kubebwa. Kwa korido ya kweli, watu walifika hapo kwenye kipindi cha kumi na mbili, ndiyo maana walipewa kumi na viwili. Profesa na wenzake walikuwa wameandika mwishoni: vipindi vinane vinatosha.

Binti ndiye aliyeanza. "Mama mdogo, ukisaini unakuwa mkuu. Ukiwa mkuu, si utarekebisha mambo ukiwa ndani?"

"Kila mmoja wao alijiambia hivyo hivyo, mpaka wakafika wanane."

Hata hivyo alilitazama jina lake tena. Alilitazama muda mrefu. Tusimsingizie moyo wa chuma ambao hakuwa nao. Alilitaka lile jina pale, na kile kiti alikitaka, na mambo yote mawili alikuwa ameyatolea jasho.

Jumatatu alipoingia kazini, tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni, lina muhuri wa mganga mkuu. Kufuatana na utafiti mpya, vipindi vya mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi vitakuwa vinane, kuanzia leo. Makala haijatoka, tangazo limetangulia.

Chini ya tangazo alikaa fundi cherehani, mzee wa utani, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitambaa kilichosahauliwa. Hicho kilikuwa kipindi chake cha tisa.

"Mama Hatua, nimefukuzwa shule?"

"Nani kakufukuza?"

"Karatasi. Inasema nimeshapona. Mguu wangu haujui kusoma, ungeuarifu."

"Simama, babu. Twende."

Alimfunga mkanda, akabonyeza saa. Fundi alitembea akihema, akitukana mguu wake kwa majina ya vitambaa vibovu. Dakika sita zilipoisha alikuwa amefanya safari kumi na moja, na ya kumi na mbili imemshinda katikati.

"Nyumbani kwangu na barabara kuu ni mbali kuliko hapa," akasema, ameegemea ukuta. "Nikiishiwa njiani, nisimame katikati ya magari nisome tangazo?"

Mama Hatua alimkalisha, akamwomba mwenzake wa zamu ashike chumba, akavuka barabara na fomu mkononi. Profesa alikuwa na mhadhiri wa takwimu, mtu mwembamba mwenye upara unaong'aa.

"Umesaini?"

"Bado. Nina swali kwa huyu bwana. Ulizidisha kwa ngapi?"

Mhadhiri akashangaa. "Safari? Kwa thelathini."

"Nani kakwambia thelathini?"

Mhadhiri akamtazama Profesa. Profesa akatabasamu kwa upole wa mtu anayemtuliza mtoto. "Mita thelathini ndicho kiwango cha kimataifa, Mama Hatua."

"Ukuta wetu haukuhudhuria huo mkutano wa kimataifa. Korido yangu ina mita ishirini."

"Labda umekosea. Ni mambo ya macho tu."

"Basi twendeni tukapime. Ni kuvuka barabara."

"Nina kikao."

Mhadhiri wa takwimu alishasimama. "Mimi nitakwenda," akasema. Profesa akaona haya kubaki, akafuata.

Walipofika, hapakuwa na kamba ya kupimia. Ya fundi wa majengo ilikuwa imefungiwa, na mwenye funguo hayupo. Mzee wa cherehani akacheka, akatoa mfukoni utepe wake wa kupimia nguo, mita moja na nusu, umechakaa ncha.

"Shikeni huko. Nimepima matumbo ya wakubwa miaka arobaini, korido itanishinda?"

Basi pakawa na kioja. Mhadhiri alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya pasi, mwenzake Mama Hatua wa zamu akashika upande wa pili, wakasogea utepe kwa utepe kutoka mlangoni hadi ukutani, wagonjwa wote kwenye benchi wakihesabu kwa sauti, wenye nusu mdomo na wenye mdomo mzima. Tepe kumi na tatu, na nusu mita ikabaki.

"Ishirini," akasema mhadhiri, bado amepiga magoti. "Ishirini kamili. Mungu wangu. Niliuliza, nikaambiwa ni thelathini." Akaugusa ukuta kwa kiganja kama anayehakikisha si ndoto. "Makala nzima imelala."

"Haijalala," Profesa akamkatiza. "Ikishatoka, tunaandika sahihisho. Hufanyika kila siku." Akamvuta Mama Hatua pembeni. "Usikuze jambo. Saini. Uwe mkuu, tusahihishe pamoja."

"Lini?"

"Baadaye."

"Na tangazo?"

"Tangazo ni la utawala, si langu."

"Limetoka kwenye karatasi yako! Huyu babu ameambiwa aende nyumbani leo, si baadaye." Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakuishusha. "Mlichukua vijistari vyangu, sikusema. Mkanishukuru kama ufagio, mara kumi na moja, sikusema. Sasa mnataka niweke jina langu juu ya mguu wa mtu? Mita mia moja na kumi mmezitoa hewani, Profesa. Nani atazitembea?"

Profesa alirekebisha tai. "Usiposaini utakaimu mpaka ustaafu."

"Nitakaimu."

Akamrudishia fomu, nyeupe pale chini kama ilivyotoka kwake.

Siku ileile, saa ya chakula, alikwenda maktaba kwa binti wa dada yake, wakaandika barua kwa mhariri wa jarida. Ilikuwa nusu ukurasa. Binti alitaka kuweka maneno ya heshima na masikitiko; Mama Hatua akayafuta yote, akabakiza urefu wa korido, tarehe ya ukuta, na nakala za majalada kumi na mawili yenye wino mwekundu. Tangazo hakulitii. Wagonjwa waliokatwa aliwaita saa yake ya chakula, yeye na mwenzake kwa zamu, na mganga mkuu akamwandikia barua ya onyo, ambayo aliisaini kupokea bila neno.

Siku ya tisa simu ikalia. Alikuwa mhariri, mwanamke mwenye sauti ya uchovu.

"Naongea na mwandishi wa saba?"

"Hapana. Hayumo tena, hakusaini."

"Sasa wewe ni nani katika utafiti huu?"

"Mimi ndiye niliyehesabu."

"Peke yako?"

"Na mwenzangu wa zamu. Wawili."

"Hapa nina majina manane, na mmoja wao, wa takwimu, ameniandikia jana aondolewe." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Inasimamishwa leo."

Tangazo liliondolewa mlangoni wiki iliyofuata. Katibu muhtasi alilibandua kwa kucha na kusema ni kwa sababu za kiutawala. Hakuna aliyeomba radhi. Fundi cherehani alimaliza vipindi vyake kumi na viwili, akafanya safari kumi na tano na kipande, akaondoka kwa miguu yake akilalamika kwamba hajapewa cheti.

Kiti cha mkuu walimpa mwingine. Alikuwa yule mwandishi wa tano, mmoja wa wale wanne wasiojulikana sura, mwenye makala thelathini na moja. Asubuhi yake ya kwanza alimsimamisha Mama Hatua mlangoni akamuuliza, kwa adabu kabisa, korido ya mazoezi iko upande gani.

"Umesimama ndani yake," akajibiwa.

Mwezi haujaisha, katibu muhtasi wa Profesa akaleta ujumbe: Profesa anaomba madaftari tena, safari hii pamoja na majalada, ili makala iandikwe upya, na Mama Hatua atapandishwa hadi nafasi ya nne.

"Mwambie yapo," Mama Hatua akasema. "Mwambie aje asome hapahapa, akae kwenye benchi na wagonjwa. Lakini kuandika, tunaandika sisi."

"Anasema hamjui kuandika makala."

"Kweli hatujui. Yeye hajui kuhesabu, na ameandika arobaini."

Jumamosi hiyo, kwenye ile meza ya kulia, walikaa watatu: yeye, mwenzake wa zamu aliyekuja na miwani ya kuazima, na binti wa dada yake na kompyuta. Majina waliyaweka mawili, na binti akakataa katakata kuwa la tatu, kwa kuwa hakushika mgonjwa yeyote. Kisha Mama Hatua akamwambia aandike: Korido yetu ina mita ishirini.

"Mama mdogo, makala za kisayansi hazianzi hivyo. Zinaanza na umuhimu wa tatizo duniani."

"Duniani watajisemea wenyewe. Andika."

Binti akaandika. Mwenzake wa zamu akaisoma sentensi hiyo mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akauliza ya pili itasema nini. Hakuna aliyejua. Wakaanza kubishana, na mpaka adhuhuri walikuwa bado wanabishana.